Santuri ya Miles Davis inayokimbia
Ukipata santuri kuukuu ya Kind of Blue ya Miles Davis, usilaumu mashine yako. Nyimbo za upande wa kwanza zilirekodiwa New York tarehe 2 Machi 1959, na mashine ya kunasia sauti ilikuwa ikienda polepole kidogo. Kanda ilipochezwa kwa mwendo wa kawaida, muziki ukakimbia na sauti zikapanda. Kosa hilo lilirekebishwa mwaka 1992 kwa kutumia kanda ya akiba.

Mimi ninazo zote mbili. Kijana akitaka kujifunza kupiga ala akiifuatisha, humpa iliyosahihishwa, maana kwa ile kuukuu sauti hazitalingana. Lakini kuukuu siiuzi. Ndiyo iliyozoeleka masikioni mwangu.