Nguo zilitembea bila mutu ndani

Mwezi wa 5 mwaka 2020, wakati korona ilifunga kila mulango, Anifa Mvuemba alionyesha manguo yake kupitia Instagram. Wazazi wake ni Wakongomani. Alizaliwa Nairobi, akalelewa Marekani. Hakukuwa mwanamuke wa kuyavaa. Kompyuta ndiyo iliyatembeza, kama vile mizimu iko ndani. Kazi hiyo aliiita Pink Label Congo, na nguo moja ilikuwa na rangi za bendera yetu. Lakini mbele ya manguo, alionyesha filamu fupi juu ya koltani ya Kongo na mateso ya wenye kuichimba.

Njo pale nilishituka. Batu walimutazama mu simu, na mu simu muko koltani, pengine ya Numbi. Yeye alitusemea. Sisi wenyewe, siku ya mukutano wa sendika, tunakuwa wapi?

Baba, binti yako akiomba mashini ya kushona, usimwambie ni muchezo. Anaweza kufikisha shida yetu mahali sisi hatufiki. Lakini bei ya kilo, hiyo haitapandishwa na nguo. Ni sisi, pamoja.