Tunza Miguu Yako Wakati wa Baridi

Mkulima wa Kinangop au Ol Kalou hana haja ya kuelezwa baridi ni nini. Tangu watu walipopewa mashamba ya skimu huko katika miaka ya 1960, kila jamaa imejua kwamba Juni, Julai na Agosti ni miezi ya ukungu na manyunyu. Hata Januari na Februari, usiku ukiwa hauna mawingu, sakitu huweza kuonekana juu ya majani alfajiri. Lakini ng'ombe wa maziwa hangoji jua litoke. Wewe na mkeo na watoto wenu mnaingia katika tope la zizi kabla ya mapambazuko, na anayekwenda huko kwanza ni mguu.

Wengi husema, "Baridi imeniumiza miguu." Kweli, lakini baridi haifanyi kazi peke yake. Mwenzake ni maji, naye ndiye mbaya zaidi. Mwili ukihisi baridi, mishipa ya damu ya miguuni hujibana ili joto libaki kifuani na tumboni. Kwa hiyo mguu hupata damu kidogo. Tena maji huchukua joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Basi mguu uliolowa hupoteza joto upesi, na damu ya kuurudishia joto hilo ni haba.

Jambo hili lilionekana wazi katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Askari waliokaa siku nyingi katika mahandaki yenye maji huko Ufaransa walivimba miguu, wakafa ganzi, na wengine wakakatwa vidole au miguu, ijapokuwa maji yale hayakuwa yameganda. Dawa iliyosaidia ilikuwa rahisi: kukausha miguu, kubadili soksi kila siku, na kila askari kukagua miguu ya mwenzake. Mkulima naye aweza kufanya hivyo nyumbani kwake.

Fanya hivi:

1. Vaa buti za mpira unapoingia zizini au shambani penye maji. Ziwe na nafasi ya kutosha kuchezesha vidole. Buti inayobana huzuia damu, na soksi mbili ndani ya buti ndogo huongeza baridi badala ya kuipunguza.

2. Kumbuka kwamba mpira huzuia maji ya nje, lakini huzuia jasho pia lisitoke. Ukimaliza kukamua, vua buti na ubadili soksi. Uwe na jozi mbili: moja mguuni, nyingine ikikauka. Soksi za sufu ni bora, kwa maana sufu hutunza joto hata ikilowa kidogo. Pamba ikilowa hukaa baridi.

3. Usiku jaza magazeti makavu au nyasi kavu ndani ya buti ili zinyonye unyevu, kisha uzitoe asubuhi. Usiweke buti karibu na moto, mpira utapasuka.

4. Kila jioni osha miguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Kausha vizuri, hasa katikati ya vidole, maana ukungu wa ngozi hupenda kuota hapo. Paka mafuta kwenye visigino na nyayo, lakini si katikati ya vidole.

Usiudharau mwatuko wa kisigino. Ni mlango, na tope la zizi lina samadi, na ndani ya samadi mna vijidudu vya pepopunda. Osha mwatuko, upake mafuta usiku, uufunike unapokwenda kazini. Ukijikata, nenda zahanati uulize kama sindano yako ya kuzuia pepopunda bado inafaa.

Sasa habari ya moto. Mtu akirudi akiwa na ganzi hupenda kuweka nyayo karibu na makaa. Hilo ni kosa. Mguu wenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Tena joto la ghafula baada ya baridi hufanya vidole vivimbe, viwe vyekundu na kuwasha. Afadhali ukaushe miguu, uvae soksi kavu, ujifunike blanketi, unywe chai ya moto. Ukitumia maji, yajaribu kwanza kwa kiwiko; yawe vuguvugu tu. Sigara pia hubana mishipa ya damu, basi usivute ili "kupata joto."

Mwenye ugonjwa wa kisukari azidi kuwa mwangalifu. Huenda asihisi msumari wala kidonda. Mtu wa nyumbani amtazame nyayo kila siku, na yeye mwenyewe akung'ute buti kabla ya kuvaa.

Nenda zahanati bila kukawia ukiona kidole kimegeuka cheusi, ganzi haiondoki baada ya mguu kupata joto, kidonda kinanuka, au wekundu na uvimbe vinapanda mguuni pamoja na homa.

Mkulima hununua dawa ya kuogesha ng'ombe na hukagua kwato zao. Ni vema. Lakini mwenye ng'ombe akilala wiki mbili kwa kidonda cha mguu, nani atakamua, nani atapalilia viazi, nani atapeleka maziwa barabarani? Jioni ya leo, kabla ya kulala, tazama miguu yako, kisha utazame ya watoto.