KARANGA ZETU (6): Vitafunwa visivyohitaji jiko, na mchanga wa Mkolani

Nishati safi ya kupikia imerudi tena magazetini, kama inavyorudi mara kwa mara tangu Serikali ilipozindua Mkakati wa Taifa wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania. Kabla ya hapo, kuanzia Januari 2024, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishakatazwa kutumia kuni na mkaa. Basi mwalimu mmoja wa darasa la awali hapa Mkolani, Mwanza, ambaye huzisoma makala hizi, akanisimamisha njiani. "Shikamoo, mzee. Kila toleo unatuandikia karanga. Sasa hawa watoto wangu niwape kitafunwa gani cha karanga bila kuwasha moto?"

Kipo, na ni rahisi. Unachukua siagi ya karanga, oti na asali, unachanganya, unafinyanga, basi. Kashata tuliyoizungumzia katika toleo la tatu inadai moto kwa sababu sukari lazima iyeyuke ndipo ishike karanga. Hapa kazi ya kushika inafanywa na asali pamoja na mafuta ya karanga yenyewe, kwa hiyo jiko linabaki limezimwa. Nitatoa vipimo chini. Lakini kitafunwa hiki hakina viungo vya kuficha kitu. Ladha yake ni karanga, shibe yake ni karanga, na madhara yake, yakiwapo, yatatoka kwenye karanga. Kwa hiyo mwalimu wangu atanivumilia nikianzia shambani.

Wanaoifahamu Mkolani wanajua kwamba tunaishi katikati ya mawe. Ukitoka Mkuyuni kuelekea Buhongwa, vilima vya miamba vinakusindikiza barabara nzima, na wengi huona ni kero kwa mwenye kutaka kujenga. Mimi huona shamba la karanga. Miamba hiyo ya matale imekuwa ikimomonyoka kwa miaka isiyohesabika na kuacha chini yake udongo wa kichanga, mwepesi, unaopitisha maji haraka. Wasukuma wanauita luseni. Wazee walijua kwamba mbugani, kwenye udongo mweusi unaonata, unapanda mpunga, na kwenye luseni unapanda karanga na viazi.

Sababu yake inaonekana kwa macho. Ua la karanga ni la njano, linachanua juu ya ardhi kama maua mengine. Likishachavushwa linanyauka, na pale lilipokuwa kinachomoza kikonyo chembamba kinachoinama kuelekea chini, kinatoboa udongo, na ncha yake inavimba humo gizani ikawa ganda lenye punje. Inama siku moja kwenye shamba lililoanza kuchanua uvitazame vikonyo hivyo, vingine vimeshazama, vingine vimebakiza upana wa kidole kabla ya kugusa mchanga. Kwenye udongo mgumu kikonyo kinagota na kukauka. Na hata kile kilichofaulu kuingia, wakati wa kuvuna mche unang'oka na kuacha karanga zake ardhini. Mchanga ndio unaoipa karanga nafasi ya kuingia, na ndio unaoiachia itoke.

Elimu hii iliwahi kulifanya ziwa letu la Victoria lijulikane mbali. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli kama Winifred na Sybil zilipoanza kuzunguka bandari za ziwa, Mwanza ilipata njia ya kwenda baharini miaka mingi kabla ya reli ya kutoka Tabora kutufikia mwaka 1928. Meli hizo zilibeba ngozi, mchele na karanga. Karanga zile zilitoka kwa wakulima wa jembe la mkono, kwenye vipande vya ardhi ambavyo kaya ilivimudu yenyewe. Hakuna mtaalamu aliyekuja kuwaonyesha luseni ni ipi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu miaka 40 baadaye walikuja watu waliodhani kwamba Tanganyika haijui kulima karanga.

Habari za Mpango wa Karanga nilizigusa kwa kifupi katika toleo la pili, na wasomaji kadhaa wamenitaka nizirudie. Narudia kwa moyo mmoja. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, aliipelekea Serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa mashine. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, mafuta ya kula yalikuwa ya mgao, na wazo lilipendeza. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki 9, kwa kiasi kikubwa ukiitazama nchi kutoka kwenye ndege, ukarudi na pendekezo la kulima zaidi ya ekari milioni 3. John Strachey, Waziri wa Chakula, akalikubali. Maeneo ya Tanganyika yaliyochaguliwa ni Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Wakaanza na Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Yakaletwa matrekta yaliyobaki vitani, mengi yakiwa yameshachoka kabla hayajagusa kichaka. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta na kiwanda cha Vickers. Vichaka vya Ugogo vikayavunja, mibuyu ikayakatalia, nyuki wakawatimua madereva. Yote hayo pengine yangevumilika. Kilichowashinda kabisa ni udongo na mvua. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi ndani yake. Jua likiuwakia baada ya mvua unakuwa kama tofali. Vikonyo havikuingia vizuri, na karanga chache zilizokomaa hazikuweza kuchimbuliwa. Mvua nayo ilikuja kwa kiasi kile ambacho Mgogo yeyote angewaambia, kama wangemuuliza. Mwaka wa kwanza walikuwa wamepanga kufyeka ekari 150,000. Hawakufikia hata 10,000. Januari 1951 mpango ulifutwa, na pauni milioni 36 hivi za walipakodi wa Uingereza zikahesabiwa kuwa hasara. Kusini ilibaki bandari ya Mtwara, na reli ya Nachingwea ambayo nayo iling'olewa baadaye. Kongwa yenyewe ilipata heshima kubwa zaidi kuanzia mwaka 1964, ilipowapokea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika.

Mtu ataniuliza haya yanahusiana vipi na kitafunwa cha mtoto wa miaka mitano. Yanahusiana sana. Waliopanga Kongwa waliamini kwamba fedha na mashine zinaweza kukaa mahali pa kumfahamu mtu anayelima, na imani hiyo haikuondoka nao. Ipo leo dukani, pale mzazi wa Mkolani anapopita mbele ya mama anayeuza karanga za Misungwi kwa kopo, akaenda kununua siagi ya karanga ya chupa iliyosafirishwa kutoka ng'ambo, yenye sukari na mafuta yaliyogandishwa, kwa sababu tu ina lebo. Naona ni makosa, na nayasema bila kumung'unya maneno. Fedha hiyo ingebaki Usukuma.

Hata huko ilikotoka siagi hiyo haikuanza kama jambo la anasa. Marcellus Gilmore Edson wa Montreal alipata hataza ya kusaga karanga za kukaanga ziwe rojo mwaka 1884. Daktari John Harvey Kellogg wa Battle Creek, Michigan, akafuatia na yake katika miaka ya 1890, akiwalisha wagonjwa wa sanatoria yake. George Washington Carver, ambaye wengi humtaja kimakosa kuwa ndiye mgunduzi, alifanya kubwa zaidi kwa maoni yangu. Alikuwa amezaliwa utumwani. Akifundisha Tuskegee, Alabama, aliona wakulima weusi maskini wakichoka pamoja na ardhi yao kwa sababu ya pamba, akawaambia wapande karanga, kwa kuwa mizizi yake inarudisha naitrojeni kwenye udongo. Mwaka 1916 alitoa kijitabu cha namna 105 za kuiandaa karanga kwa chakula, kwa maneno ambayo mama wa kijijini angeyaelewa. Sisi tuna pamba kama Alabama, na tuna Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichoitumikia pamba tangu enzi za ukoloni, hapo jirani tu ukishapita Usagara. Naliendele kule Mtwara wametupa mbegu nzuri za karanga, ikiwamo Pendo inayokomaa mapema. Kijitabu cha namna 105 kwa Kiswahili bado tunakidai, na sitaacha kukidai.

Sasa nije kwenye madhara niliyoyataja mwanzo, yaani sumukuvu. Ukungu wa Aspergillus flavus huingia kwenye karanga iliyopigwa na ukame ikiwa bado shambani, au iliyowekwa ghalani ikiwa mbichi, na sumu yake huharibu ini polepole kwa miaka mingi. Ikizidi sana huua kwa siku chache. Mwaka 2016 watu 20 hivi walifariki Dodoma na Manyara baada ya kula nafaka zilizochafuliwa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, kiasi ambacho ulimi hauwezi kukionja. Kukaanga hupunguza sumu hiyo, lakini hakuiondoi. Ulinzi wa kwanza nyumbani ni jicho na vidole. Mwaga karanga kwenye ungo, mahali penye mwanga, utoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizopasuka, zenye vumbi la kijani au la kijivu. Ukishazikaanga, menya ngozi uzitazame tena. Ubovu uliojificha chini ya ngozi utauona, na inayochachuka mdomoni itemwe. Zilizotolewa zisipewe kuku wala ng'ombe, kwani sumu hupita hadi kwenye yai na maziwa. Zifukiwe.

Na hapa ndipo penye ugomvi wangu na karanga zilizosagwa zamani. Punje mbovu zilizochambuliwa na mfanyabiashara mara nyingi hazitupwi. Huuzwa kwa bei ya chini, zikasagwa, na zikishasagwa hakuna tena jicho la kuzihukumu. Vilevile kuna tabia ya kulowesha karanga za maganda ili zimenyeke upesi kwa mkono. Siwalaumu akina mama wanaofanya hivyo, maana vidole vinauma na debe halijazwi kwa maneno. Lakini maji hayo ndiyo yanayoukaribisha ukungu. Mashine ndogo ya kubangulia, inayozungushwa kwa mkono, ingetosha kijiji kizima. Halmashauri zinazonunua viti vya ofisi kila mwaka zifikirie hilo.

Nunua basi karanga nzima kavu, ichambue, ikaange mara moja kwa wiki kwa moto wa taratibu. Huo ndio moto pekee, na unaweza kuukwepa kwa kununua zilizokwisha kukaangwa ambazo hazijamenywa ngozi, ukazichambua mwenyewe. Peleka kwenye mashine ya mtaani ukiwa umesimama hapo, na uombe isafishwe kwanza. Mwenye kutangulia huenda alisaga za aina nyingine. Kwa kikombe 1 cha siagi hiyo weka oti vikombe 2, asali nusu kikombe, na chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Oti za kubanjwa zinazouzwa madukani zilishapitishwa kwenye mvuke kiwandani, ndiyo maana zinalika bila kupikwa. Changanya siagi na asali kwanza mpaka ziwe kitu kimoja, ndipo uongeze oti kidogo kidogo. Donge likiwa linanata sana viganjani ongeza oti, likivunjika ongeza asali. Lowesha viganja, finyanga vibonge ambavyo mtoto atavimaliza kwa kung'ata mara mbili, uviache mahali pa baridi kwa nusu saa. Ukipenda, viviringishe kwenye ufuta uliokaangwa.

Oti nyingi zinatoka nje na bei yake si ya kila kaya. Badala yake nimeyajaribu matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na nayapendekeza kwa nguvu zote. Viazi vya matobolwa huchemshwa kabla ya kukatwa na kuanikwa, kwa hiyo vimekwisha kuiva; ukivitwanga na kuvichekecha unga wake unachanganyika na siagi ya karanga bila jiko. Punguza asali, kwa sababu viazi vina utamu wake. Viazi vya michembe usivitumie hivyo, kwa kuwa huanikwa vikiwa vibichi na lazima vipikwe. Angalia pia matobolwa yalikoanikwa: yaliyoanikwa juu ya jiwe tupu huokota mchanga na vinyesi vya mbuzi, yaliyoanikwa juu ya turubai au kichanja ni safi.

Mwalimu awaulize wazazi kwanza kama yupo mtoto anayedhurika na karanga, maana kwa wachache huleta uvimbe wa koo na kukosa pumzi, na hilo ni la kukimbizwa hospitali. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Walio chini ya miaka mitano wasipewe punje nzima, wapewe iliyosagwa laini. Katika joto letu vibonge hivi vikae kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana, mbali na jua, na viliwe ndani ya siku tatu au nne. Kwenye jokofu vitafika wiki. Vikianza kunuka mafuta yaliyochacha, vitupwe vyote, hata kama juu vinaonekana vizuri.