Roboti ya kujiundia: Umeme wa nje huokoa betri, lakini usipochunga utaunguza mota zote

KIJANA anayeunda roboti yenye umbo la binadamu nyumbani hugundua jambo moja mapema sana: roboti huchoka kabla yake. Yeye yuko tayari kukaa mezani saa nne akiifunza kupiga hatua ya kwanza, ilhali betri humpa dakika 20 hivi, kisha inambidi aketi kusubiri ichajiwe. Akinunua betri ya pili, nayo huisha vivyo hivyo. Muda si muda betri zote mbili zimechajiwa na kumalizwa mara nyingi kiasi kwamba zinaanza kuvimba.

Ndiyo sababu wengi huamua kuiacha betri kando wakati wa kuunda na kufanya majaribio, na kuilisha roboti kwa waya kutoka nje. Ni uamuzi wa busara na usiogharimu pesa nyingi. Hata hivyo, ukifanywa ovyo, sekunde moja inatosha kuunguza mota zote kwa pamoja, na katika roboti za aina hii mota ndizo hula sehemu kubwa ya mtaji.

Chukua mfano wa Bioloid Premium ya kampuni ya Robotis kutoka Korea Kusini, ambayo imetumiwa na wanafunzi na wapenzi wa roboti katika nchi nyingi. Ina mota 18 za aina ya AX-12A. Kwa miaka mingi mota moja iliuzwa kwa takriban dola 45 nchini Marekani. Mota 18 basi ni dola 810, kabla hujafikiria usafirishaji na ushuru. Zote 18 zimeunganishwa kwenye njia moja ya umeme, kwa hivyo umeme mbaya ukiingia hauchagui.

Watengenezaji wenyewe walijua kwamba betri haitoshi. Roboti hiyo iliuzwa ikiwa na betri ya lithiamu ya volti 11.1 yenye uwezo wa ampea-saa 1, na pia adapta ya kuchomeka ukutani ya volti 12 na ampea 5. Hesabu ni rahisi. Kila mota hula takriban ampea 0.05 hata isipofanya kazi yoyote, yaani karibu ampea 1 kwa mota zote 18. Roboti ikianza kutembea na kula wastani wa ampea 3, betri ya ampea-saa 1 imekwisha baada ya dakika 20.

Jambo la kwanza kuangalia ni volti. Mota ya AX-12A inataka kati ya volti 9 na 12. Zile za bei nafuu za aina ya MG996R, ambazo hutumiwa sana kwenye roboti za viungo 17 zinazoagizwa kutoka China, zinataka kati ya volti 4.8 na 7.2. Adapta ya kompyuta ya mkononi kwa kawaida hutoa volti 19. Kichwa chake huenda kikaingia vizuri kwenye tundu la roboti yako, na hapo ndipo hatari ilipo, kwani kuingia si kufaa. Pima kwanza kwa mita, uhakikishe volti na pia upande wa chanya na hasi. Ukigeuza nyaya hizo mbili, kidhibiti kisicho na kinga hufa papo hapo, na mara nyingi hakifi peke yake.

Ampea ni hadithi tofauti, na wengi huichanganya na hiyo ya kwanza. Kuna wanaoogopa kununua chombo cha ampea 20 wakidhani kitasukuma ampea zote hizo ndani ya roboti. Sivyo. Volti ni kama presha ya maji kwenye bomba, ikizidi mpira hupasuka. Ampea ni kama ukubwa wa hodhi la kunyweshea ng'ombe: hodhi kubwa halimlazimishi ng'ombe kunywa zaidi ya kiu yake. Hodhi likiwa dogo ndipo shida huanza.

Mota iliyokwama hula umeme kuliko mota inayozunguka. AX-12A moja iliyokwama hula ampea 1.5 kwa volti 12, na MG996R hula takriban ampea 2.5 kwa volti 6. Zikikwama zote, Bioloid itataka ampea 27 na ile ya viungo 17 itataka ampea 42.5. Ni nadra zikwame zote kwa wakati mmoja, na ndiyo maana adapta ya ampea 5 huweza kuihudumia Bioloid siku nyingi bila tatizo. Lakini roboti ikianguka vibaya na miguu ikapindana, mota tano au sita huweza kung'ang'ana kwa pamoja. Chombo kidogo hapo huishiwa nguvu, volti hushuka, na kidhibiti, ambacho ndicho ubongo, hujizima na kujiwasha upya. Roboti hutetemeka, taa hupepesa, kisha inalala chali. Mwenyewe hukesha usiku kucha akitafuta kosa kwenye programu, kumbe programu haina neno.

Wakati mwingine chombo kina nguvu za kutosha ila waya ndio mwembamba. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.75 wenye urefu wa mita tatu, ukihesabu kwenda na kurudi, una mita sita za shaba. Roboti ikivuta ampea 10, takriban volti 1.4 hupotelea njiani. Kwa mota za volti 6 hiyo ni karibu robo ya umeme wote! Waya wa milimita mraba 2.5, ule ambao mafundi huutumia kwenye soketi za nyumba, hupoteza kama volti 0.4 tu, ingawa ule mgumu wa nyumba haufai hapa kwa sababu haupindiki. Tafuta ule wa nyuzinyuzi nyingi. Mafundi wengine huongeza kapasita kubwa, ya maikrofaradi 1000 au zaidi, karibu kabisa na mota ili isaidie roboti inapovuta kwa ghafla. Hakikisha volti zilizoandikwa juu ya kapasita zinazidi zile unazotumia, na usigeuze miguu yake.

Sasa umeme wenyewe utoke wapi? Kwa wanaoishi mjini, vile visanduku vya chuma vyenye matundu ambavyo hulisha kamera za CCTV na taa za LED hupatikana kwa urahisi. Hutoa volti 12, na vipo vya ampea 5, 10, 20 hata 30. Ukienda Luthuli Avenue jijini Nairobi huwezi kuvikosa. Nisingeamini kila namba iliyobandikwa juu yake, kwa hivyo nunua chenye ampea zaidi ya unazohitaji. Pia skrubu zake za kupokea stima ya volti 240 huwa wazi. Zifunike kabla mtoto hajazigusa.

Njia ya bei ya chini zaidi ni kisanduku cha umeme kutoka kwenye kompyuta kuukuu ya mezani. Nyaya za njano hutoa volti 12, nyekundu volti 5, na nyeusi ni hasi. Kuunganisha waya wa kijani na mweusi ndiko hukiwasha. Zile volti 5 zinatosha kuzungusha MG996R, japo kwa nguvu pungufu. Lakini kisanduku chenyewe usikifungue: ndani mna kapasita zinazoweza kushikilia zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Kwa msomaji wa mashambani, ambako stima hupotea au haijafika kabisa, betri ya sola ya asidi ya volti 12 ni msaada mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ikiwa imejaa na kutulia huwa na takriban volti 12.7, karibu sawa na volti 12.6 za betri ya lithiamu ya Bioloid iliyojaa. Hata ile ndogo ya ampea-saa 7, ambayo hutumiwa kwenye ving'ora vya wezi, itaiendesha roboti inayokula ampea 3 kwa zaidi ya saa moja kabla ya kufikia nusu. Ila usiichaji huku roboti ikiwa imeunganishwa, kwa maana wakati wa kuchajiwa volti huweza kupanda hadi 14.4 na kupita. Tena betri ya asidi ikipigwa shoti hutoa mkondo mkali wa kuyeyusha waya, hivyo fyuzi iwekwe karibu kabisa na kichwa cha betri. Ukiweka fyuzi upande wa roboti, waya mzima ulio kabla yake hauna mlinzi.

Kwa mota za volti 6 itabidi utumie kifaa cha kushusha volti. Vile vidogo vya ampea 3 huchemka vikipewa mota 17, kwa hiyo ni afadhali miguu iwe na chake na mikono chake, huku nyaya zote za hasi zikikutana mahali pamoja. Usijaribu kulisha mota hizo kupitia kidhibiti kidogo kama vile Arduino. Njia yake ya umeme haikuundiwa mzigo huo.

Kosa ambalo silipendi kabisa ni la kuacha betri ya lithiamu ikiwa imeunganishwa huku umeme wa nje ukiingia kwenye nyaya zilezile, eti stima ikipotea roboti isizime. Betri hizo zinataka chaja inayokoma kwenye volti 4.2 kwa kila seli. Zikisukumiwa umeme bila mpangilio huvimba, hutoa moshi na huweza kuwaka moto ambao si rahisi kuuzima. Weka swichi ya kuchagua kimoja tu, au daiodi zinazozuia umeme kurudi kwenye betri.

Kuna wanaoona haya roboti yao ikiwa na mkia wa waya. Wasione haya. Honda ilianza utafiti wa roboti za miguu miwili mwaka wa 1986, na ni Desemba 1996 tu ilipoonyesha P2, yenye uzito wa kilo 210, ikitembea bila waya wowote. Roboti ya Atlas ya Boston Dynamics iliingia mashindano ya DARPA ya Desemba 2013 huko Florida ikiwa na waya wa umeme mgongoni. Ilipofika fainali za Juni 2015 mjini Pomona, California, ilikuwa imepewa betri yake.

Waya huo, hata hivyo, una njia yake ya kudanganya. Ukiburuta sakafuni huvuta roboti upande mmoja, kwa hivyo uning'inize kutoka juu ukiwa umelegea na uufunge kiunoni. La pili ni uzito. Ukiondoa betri wakati wa majaribio, roboti huwa nyepesi na hatua zake zote huzoea wepesi huo. Siku ya maonyesho ukirudisha betri, inajikwaa mbele ya watu. Pima betri kwenye mizani, kisha funga kipande cha chuma cha uzito uleule mahali pake kabla hujaanza kuifunza roboti kutembea.