Mti wa Kiranga, Mti wa Odin

Katika vilima vya Itaba, mkoani Gitega, kama kwingineko Burundi, umurinzi si mti wa kuni tu. Gome lake ni nene, lina miiba, na maua yake mekundu huchanua wakati majani yamekwisha kupukutika. Wazee waliukabidhi kwa Kiranga, mkuu wa roho waliokuwa wakiabudiwa katika ibada ya kubandwa, na ibada hiyo ilifanyika chini ya mti huo.

Watu wa Skandinavia ya kale nao walikuwa na mti, Yggdrasil. Kwao mti huo ulibeba dunia zote tisa: Asgard ya miungu, Midgard ya wanadamu, Jotunheim ya majitu, na chini kabisa Hel ya wafu. Mizizi yake mitatu ilifika kwenye visima vitatu, na joka Nidhogg liliutafuna mmojawapo bila kuchoka. Umurinzi haubebi mbingu. Kazi yake ni kuwakutanisha walio hai na roho, na hapo ndipo miti hii miwili inapokaribiana kuliko mtu angedhania.

Odin, mkuu wa miungu ya Skandinavia, alijitundika juu ya Yggdrasil siku tisa, amechomwa mkuki, mpaka akapata siri ya maandishi ya kale. Ryangombe, ambaye Warundi humwita Kiranga, husimuliwa Rwanda kwamba alipigwa pembe na nyati akiwa mawindoni, akaangukia kwenye mti huohuo wa maua mekundu. Alipokuwa akifa aliagiza watu wamwabudu. Kila upande, mkuu anavuja damu mtini, na kutokana na maumivu yake wanadamu wanapata kitu. Sioni sababu ya kudhani kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Naona watu waliotafakari kifo kwa kina kilekile.

Makao ya wafu ndiyo yanayotofautiana. Nusu ya mashujaa waliouawa vitani walikwenda kwa Odin, katika ukumbi wake wa Valhalla, nusu nyingine kwa mungu wa kike Freyja. Wengi waliokufa kwa ugonjwa au uzee walishuka Hel. Katika masimulizi ya Rwanda haiulizwi umekufaje. Huulizwa kama ulibandwa, yaani kama uliingizwa katika ibada ya Ryangombe. Aliyebandwa huenda kustarehe na Ryangombe juu ya Karisimbi, mlima wa mita 4,507. Asiyebandwa hutupwa katika moto wa Nyiragongo, volkano iliyolipuka tena mwaka 2021. Ramani hiyo ya ulimwengu mtu anaweza kuitazama kwa macho.

Habari za Yggdrasil tunazo hasa kwa sababu Snorri Sturluson, Mkristo wa Iceland, aliziandika mnamo 1220 kwa lugha ya babu zake. Za Kiranga ziliandikwa kwa Kifaransa na Mapadri Weupe, van der Burgt mwaka 1903 na Zuure mwaka 1929. Walisikiliza kwa bidii, lakini walikuwa wamekuja kuibadilisha imani hiyohiyo. Itaba na vilima jirani vinastahili Snorri wao, atakayeandika kwa Kirundi yale ambayo wazee bado wanayakumbuka.