Nyanya Asiyeandikwa Popote

MTU wa Garsen akitaka kujua babu wa babu yake alikuwa nani, ana pa kuanzia. Kuna kipande kilichofungiwa sandukuni, kuna stakabadhi ya kodi, pengine na barua kutoka kwa chifu. Lakini akitaka kumjua mama aliyemzaa nyanya yake, yule aliyelima mpunga kando ya Mto Tana wakati Mkuu wa Wilaya Mwingereza akikaa Kipini, anakwama. Mama huyo hayumo.

Wengi hudhani karatasi zake zililiwa na mchwa. Ukweli ni kwamba hakuandikwa tangu mwanzo. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901, na mlipaji alikuwa mwanamume. Mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu, kwa hivyo wake zake waliingia katika hesabu za serikali kama mapaa ya nyasi. Sheria ya kipande ya 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwahusu wanaume wa kuanzia miaka 16. Hata uhuru ulipopatikana mambo hayakubadilika upesi. Uandikishaji wa vizazi ulifanywa lazima nchi nzima mwaka 1971, na sheria ya kuwapa wanawake kitambulisho ikaja 1978. Basi mama aliyezaliwa Ngao mwaka 1890 na kufariki 1970 angeweza kuolewa, kuzaa na kuzikwa bila karani yeyote wa serikali kuandika jina lake.

Msomaji ataniuliza, yana faida gani haya leo? Mashamba ya kandokando ya mto hugawanywa kwa koo. Sheria ya Urithi ilipoanza kutumika mwaka 1981 na kumtambua binti kama mrithi, Tana River ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoachwa nje kuhusu ardhi ya kilimo na mifugo, mambo hayo yakabaki kwa mila. Mbele ya wazee, anayedai kwa upande wa nyanya lazima aonyeshe nyanya huyo alikuwa binti wa nani, wa ukoo gani.

Mahali pa kwanza pa kumtafuta ni kanisani. Wamishonari Wajerumani wa Neukirchen walifika Ngao mwaka 1887, na kazi yao ikaja kupokelewa na Wamethodisti. Kasisi alipobatiza aliandika, na hakubagua mwanamke. Tatizo ni kwamba aliyeitwa jina moja na mama yake alitoka kisimani akiwa Maria au Elisabeti, na wajukuu wanaotafuta jina la nyumbani humpita bila kumtambua. Kwa familia za Kiislamu, wakiwemo Waorma na Wapokomo wengi wa juu ya mto, sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Kiislamu ilikuwapo tangu 1906. Hata hivyo ndoa nyingi za vijijini zilifungwa mbele ya mashahidi tu, bila kitabu.

Hapo Golbanti, karibu na Ngao, kuna jambo linalonitia uchungu kidogo. John na Annie Houghton, wamishonari wa Kimethodisti kutoka Uingereza, waliuawa huko na Wamaasai mwaka 1886, na habari zao zimo vitabuni hadi leo. Annie aliishi Golbanti muda mfupi tu. Wanawake waliolima, kuvua na kuzaa hapo hapo maisha yao yote hawana hata mstari mmoja.

Ukitoka Garsen ukashuka barabara ya Malindi unaingia kwa Wagiriama, na huko yupo mama ambaye wakoloni walilazimika kumwandika: Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 walimkamata na kumpeleka Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola, naye mwaka uliofuata akarudi kwa miguu. Lakini lisikilize jina lenyewe. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mnyazi. Menza ni baba yake, na Mekatilili maana yake mama wa Katilili, mtoto wake wa kwanza. Vizazi vitatu kwa pumzi moja, bila karani! Hata hivyo mwaka aliozaliwa hubaki wa kukisiwa, na huyo ni mtu aliyetikisa serikali.

Miaka nayo mtoni huhesabiwa kwa maji. Wazee watakwambia fulani aliolewa kabla ya mafuriko ya 1961, au alizikwa kijiji kilipokuwa ng'ambo ile. Hapo uangalie vizuri, maana Tana huhama. Kijiji husogea na makaburi huachwa nyuma, na jina la kijiji huhamia mahali papya. Kwa hivyo usiridhike na jina la kijiji. Uliza mto ulikuwa unapita wapi wakati huo.

Kisha uliza jina la mtoto wa kwanza, hata kama alikufa mchanga, kwa kuwa huenda mama aliitwa kwa jina hilo maisha yake yote. Na kwa Wagiriama jina la nyanya humrudia mjukuu. Ukikuta kina Mnyazi watatu katika ukoo mmoja usiwafanye mtu mmoja. Uliza kila mmoja alikuwa mama wa nani.