Mimba Ikiharibika: Maneno ya Daktari Yana Maana Gani?

Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi hulilia chumbani peke yao: mimba kuharibika.

Tuanze na karatasi. Umepoteza mimba uliyoitaka, umetibiwa, umerudi nyumbani. Shemeji yako anaisoma karatasi ya hospitali na kuona neno aboshoni. Kufikia jioni boma lote linasema umetoa mimba. Mama, neno hilo halisemi hivyo. Katika lugha ya udaktari, aboshoni ni mimba iliyotoka kabla mtoto hajaweza kuishi nje ya tumbo, iwe imetoka yenyewe au imetolewa. Mwaka 1985 madaktari wa Uingereza waliandika katika jarida la Lancet, wakitaka neno hilo lisitumiwe kwa mama aliyepotelewa na mimba. Hata hivyo bado huandikwa. Ukiliona, mwombe nesi akueleze, na mumeo asikie pia.

Kuna maneno mengine:

Mimba inayotishia kutoka: damu inaonekana, lakini mlango wa uzazi ungali umefungwa. Nyingi za namna hii huendelea vizuri.

Mimba iliyotoka nusu: mabaki yamo ndani bado. Yasipotibiwa huleta damu nyingi na maambukizi.

Mimba iliyofia ndani: imeacha kukua, ila haijatoka. Mara nyingi hugunduliwa kwa picha ya skani.

Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi: kwa kawaida huwa kwenye mrija. Mrija ukipasuka, mama anaweza kufa kwa damu inayovujia ndani.

Kuzaa mtoto mfu: Shirika la Afya Duniani, linapolinganisha nchi, huhesabu kuanzia wiki ya 28.

Je, kosa ni la nani? Yapata mimba moja kati ya saba zinazojulikana huharibika, nyingi kabla ya wiki ya 13. Karibu nusu ya hizo za mapema zilikuwa na kasoro tangu mbegu na yai zilipokutana. Si jicho la jirani, wala si jembe uliloshika. Lakini malaria, kaswende na ugonjwa wa sukari usiotibiwa huongeza hatari. Kwa hivyo lala ndani ya chandarua chenye dawa, na uanze kliniki mapema.

Usingoje asubuhi ukiona dalili hizi: damu inayolowesha pedi mbili kwa saa moja, kizunguzungu au kuzirai, maumivu makali ya tumbo au ya bega, homa, au uchafu unaonuka. Tafuta bodaboda au gari, uende hospitali na mtu wa kukushika. Ikiwa kuna dawa uliyomeza, mwambie nesi ukweli, apate kukutibu ipasavyo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Nawe mama mkwe, dada, jirani: usimwambie "utapata mwingine." Mwambie pole. Mchotee maji, mpikie uji, keti naye.

Kwa leo tukomee hapo. Mama uliyepoteza mimba, pole sana. Hukukosea.